Barua za Wodeni

Sote tulimwita Wodeni, na nina hakika wapo wanafunzi waliokaa miaka miwili katika mabweni yake wakaondoka bila kujua kama ana jina lingine. Kazi yake ilikuwa kusimamia mabweni manne ya wanaume katika chuo chetu cha ualimu, juu ya kilima kikavu upande wa Mbumbuni. Chuo hicho kimekwisha kufungwa na majengo yake yana kazi nyingine siku hizi, kwa hiyo sitakitaja. Na jina la mzee sitalitaja pia. Watoto wake wapo, ni watu wazima wenye heshima zao, na wakinijia kuniuliza habari za baba yao sina uso wa kuwatazama.

Alikuwa mrefu, shingo imeinama mbele kidogo, na alivaa akala za mpira wa gari hata siku ya mgeni rasmi. Kila asubuhi baada ya chai, sisi tukiwa tumejipanga uwanjani kuhesabiwa, yeye alipita chumba kwa chumba akiingiza kiganja chini ya mablanketi. Akikuta kitanda chenye joto alijua kwamba kuna mtu aliyekilalia mpaka dakika ya mwisho, au bado yumo chumbani amejificha nyuma ya mlango. "Hii kitanda iko na mtu," alikuwa akisema taratibu, akiwa amekupa mgongo, na hapo ulijua umekwisha. Hakuwahi kupaza sauti. Nilimchukia kwa hilo muhula mzima wa kwanza, kwa sababu mtu anayekugombeza unaweza kumjibu, lakini huyu ulibaki naye hivyo hivyo.

Alikataza stovu za mafuta taa vyumbani na alizikusanya bila huruma. Nyumbani kwake, nyuma ya stoo ya magodoro, alikuwa na stovu moja ambayo alimpikia uji mwanafunzi yeyote aliyekuwa mgonjwa, na sote tulijua kwamba stovu yenyewe alimnyang'anya mtu wa bweni la pili. Alichukia kelele, halafu yeye mwenyewe akipiga pasi aliimba besi mpaka madirisha yanajibu. Aliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni mpishi wetu mkuu, mama mmoja mnene ambaye alimwambia mbele ya watu kwamba mtu asiyetia sukari kwenye chai ana jambo anaficha. Tangu siku hiyo alipokea kikombe chake kupitia dirisha la jikoni na kuondoka haraka.

Alikuwa mwokovu, wa wale wa zamani. Sisi wengine tulizaliwa kanisani na tukaenda kwa sababu mama anakwenda. Yeye aliokoka akiwa mtu mzima, na kwao kuokoka kulikuwa na taratibu zake. Ulisimama mbele ya ndugu, ukataja ulilofanya bila kulipamba, ndugu wakaimba, basi, jambo limekufa. Mtu hakuruhusiwa kulifukua tena. Alituambia kwamba kabla ya hapo alikuwa mlevi na mpiga mke, na aliyasema hayo kwa sauti ile ile ya kutangaza siku ya kufua mashuka. Nilipomsikia mara ya kwanza niliona aibu kwa niaba yake. Yeye hakuona aibu yoyote.

Ni lazima nieleze alivyoshughulikia makosa yetu, kwa sababu habari yote imo humo. Sheria ya chuo ilisema kila kosa la bwenini liandikwe na lipelekwe kwa kamati ya nidhamu, na kamati ndiyo iamue kama mtu ataonywa, atapelekwa nyumbani wiki mbili, au atafukuzwa kabisa. Wodeni hakupeleka kosa hata moja. Alikuita kwake, akakupa karatasi na kalamu, akakuketisha kwenye meza ya kupigia pasi.

"Andika vile ilikuwa," alisema. "Usijipake mafuta."

Uliandika. Akasoma. Kama umeandika kweli, aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia katika sanduku la bati chini ya kitanda chake, akakuombea, akakupa adhabu ya kufyeka au kuchota maji, na hakulitaja tena. Siku ya kumaliza chuo alikuita tena, akakurudishia karatasi yako, mkaenda pamoja nyuma ya jikoni kuichoma. Nimewaona wanaume wenye ndevu wakitoka huko nyuma ya jikoni wakifuta macho na kusingizia moshi. Kwa miaka yote aliyofanya hivyo, mabweni yake yalikuwa matulivu kuliko ya chuo chochote nilichosikia habari zake, na mkuu wa chuo, ambaye sisi tulimwita Prinsipali kama walivyo wote, alijisifia utulivu huo kwa wageni bila kujua unatoka wapi.

Mimi nilikuwa kiranja wa bweni la tatu, na barua yangu ilikuwemo. Jumamosi moja mchana nilishuka sokoni nikanywa kaluvu, pombe yetu ya nyumbani, mpaka miguu ikanikatalia kwenye njia ya kupanda. Wodeni alinikuta hapo jua likiwaka, akanibeba mgongoni mpaka bwenini, mtu aliyekuwa na umri wa baba yangu. Kesho yake akanipa karatasi. Niliandika kwamba tumbo lilikuwa linaniuma na kuna mama mmoja alinipa dawa ambayo sikuijua. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na niliupamba uongo ule vizuri pia. Alisoma, akanitazama kwa muda, akaikunja kama nyingine.

Niliyekaa naye chumba kimoja aliitwa Nzioki, mtu wa Kitui, ng'ambo ya mto. Alikuwa mkubwa kwetu, ana mke na watoto wawili, na alikuja chuoni amechelewa kwa sababu aliwasomesha wadogo zake kwanza. Alikuwa mtu wa maneno machache na viraka safi. Mwaka wa mahindi ya manjano, yale ya msaada, ukame ulipofika mahali ambapo watu waliuza mabati ya nyumba zao, Nzioki alianza kubakisha chakula chake. Alikula nusu. Nusu nyingine, na ukoko aliokwangua kwenye sufuria za jikoni akiwa zamu ya kuosha, aliupakia kwenye mfuko na kuuanika juani, juu ya paa la bafu. Ukikauka aliutia kwenye kyondo, kikapu cha kusuka, akampa mtu wa basi aupeleke kwa mama yake na watoto. Kutoa chakula nje ya bwalo lilikuwa kosa la kufukuzwa, kwa sababu chuo kiliogopa wanafunzi wangeanza kuuza.

Panya ndio waliomsema. Wodeni alifuata njia yao mpaka chini ya kitanda cha Nzioki, akakuta kyondo kimejaa. Nilikuwepo. Alichukua kipande cha ukoko, akakigeuzageuza.

"Hii inaenda wapi?"

"Nyumbani, Wodeni. Huko hakuna kitu."

"Kuja uandike."

Nzioki alirudi baada ya saa nzima. Aliandika kila kitu: siku, kiasi, jina la basi, na kwamba alijua ni wizi akaufanya na angeufanya tena. Niliposikia hayo nilimwambia ni mjinga, angesema anafuga kuku. Akanijibu kwamba mzee alimwombea, kisha akamwongezea kilo moja ya maharagwe kutoka kwake. Adhabu yake ilikuwa kuziba mashimo ya panya bweni zima.

Mgomo ulitokea muhula uliofuata. Mahindi ya manjano yalikuja na wadudu, watu wakamwaga sahani mlangoni mwa bwalo saa ya chakula cha mchana, kisha mawe yakaruka na madirisha yote ya upande ule yakavunjika. Nzioki alikuwa mtoni anafua. Najua kwa sababu shati langu lilikuwa katika nguo alizokuwa anafua. Prinsipali alitaka majina, na hakuna aliyetoa. Wizara ilikuwa imempigia simu, alihitaji watu wa kufukuza kabla ya Ijumaa. Akaitisha kamati ya nidhamu na kumwita Wodeni aeleze tabia za vijana wa mabweni.

Asubuhi hiyo Wodeni aliniita nimsaidie kubeba sanduku la bati. Nilishika sikio moja, yeye la pili. Nilimuuliza tunalipeleka wapi.

"Ofisi. Wanasema mko wakora. Wacha wasome wenyewe."

"Wasome barua?"

"Ndio. Waone vile mmetubu. Mtu ametubu namna hii, nani atamfukuza?"

Alikuwa na furaha. Alikuwa akiimba kwa pumzi, wimbo wa kanisani, na hatua zake zilikuwa za mtu anayekwenda arusini. Mimi nilijua. Sitadai kwamba nilikuwa mdogo au sikuelewa. Nilijua waziwazi kile ambacho Prinsipali angefanya na karatasi zile, kwa sababu mimi kanisani nilikuwa mtu wa kuzaliwa tu na dunia ya ofisi niliifahamu kuliko yeye. Mwendo wa kutoka stoo mpaka ofisini ni kama dakika tano. Katika dakika hizo tano nilikumbuka barua yangu, nikakumbuka kwamba haina kitu ndani isipokuwa tumbo na dawa, na nikanyamaza.

Nilingoja nje, chini ya dirisha lililokuwa wazi. Kwanza nilisikia karatasi zikifunguliwa. Kisha Prinsipali akasema, "Mzee, umetusaidia sana. Sasa tuna pa kuanzia." Akaanza kusoma majina, na karani akaandika.

"Hapana," Wodeni alisema. "Bwana Prinsipali, hizo zimeisha. Hizo tulishazimaliza na Mungu."

"Huyu Nzioki ameandika mwenyewe kwamba aliiba na ataiba tena."

"Alisema ukweli. Nilimwambia aseme ukweli."

"Basi amesema."

"Hizo haziwezi kusomwa mara ya pili," Wodeni alisema, na hiyo ndiyo siku ya pekee niliyomsikia akipaza sauti. "Ziko chini ya damu ya Yesu."

"Mzee wangu," Prinsipali alisema kwa upole kabisa, "hayo ni ya kanisa. Hapa ni ofisi."

Walifukuzwa tisa. Sijui kama kuna hata mmoja aliyekuwa amerusha jiwe. Walikuwa ni wale tisa walioandika vizuri zaidi. Barua yangu ilisomwa pia, na kamati iliona kwamba kiranja wa bweni la tatu anasumbuliwa na tumbo.

Mwanafunzi akifukuzwa ilikuwa lazima arudishe godoro, blanketi mbili, sahani na kikombe, na Wodeni atie sahihi kwamba vyote vimepokelewa, ndipo lango lifunguliwe. Nzioki alifika stoo na godoro kichwani. Wodeni alilipokea, akaliweka chini, akalikung'uta kwa muda mrefu ingawa lilikuwa safi. Kalamu aliishika akashindwa kuiteremsha kwenye karatasi.

"Weka sahihi tu, Wodeni," Nzioki alimwambia. "Basi itaniacha."

Akaweka. Nzioki akamshukuru kwa mikono miwili, kama ilivyo desturi, na hilo la kushukuru nadhani ndilo lililomvunja mzee. Zile barua zilizobaki alizichoma mwenyewe jioni hiyo kabla jua halijazama, bila wenyewe kuwepo. Tangu hapo hakumpa mtu karatasi. Kosa likitokea alilipeleka kwa kamati kama sheria ilivyotaka, na wanafunzi waliokuja baada yetu walimjua kama mzee mkali asiyecheka, mtu wa kuripoti. Nimekutana nao. Wanamsimulia kwa chuki, na mimi huwaacha wasimulie.

Likizo zake zote alizitumia kuzunguka. Alikwenda kwa wazazi wa wale tisa, mmoja mmoja, kwa basi na kwa miguu, akasimama mbele yao na kusema ni yeye. Wengine walimpa kiti, wengine walimfukuza, na baba mmoja wa Mukuyuni alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwagia maji ya kuoshea vyombo. Alikwenda pia maofisini na makaratasi, akangojeshwa kwenye mabenchi ya nje siku nzima nzima. Wanane kati yao walijitafutia njia nyingine: jeshi, duka, kuendesha malori, mmoja akawa mchungaji. Nzioki peke yake alibaki kwao Kitui akichoma makaa. Kila Agosti Wodeni alivuka mto kwenda kumwona. Alitaka kitu kimoja kabla hajafa, na alikisema wazi kwa kila aliyemsikiliza: Nzioki arudi darasani amalize muhula wake mmoja uliobaki, apate cheti, awe mwalimu.

Mimi wakati huo nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi karibu na Mukuyuni, na Wodeni, aliyekwisha kustaafu, alikuwa na shamba lake eneo hilo hilo. Tulisali kanisa moja. Yeye alikuwa mzee wa kanisa, mimi niliketi benchi la mbele pamoja na walimu na watu wa ofisi ya chifu. Tulisalimiana kila Jumapili kwa miaka, na hakuwahi kuniuliza ni kwa nini katika vijana wa chumba kile mmoja alipona.

Kisha siku moja akanitumia neno nikutane naye Sultan Hamud. Nilishangaa, maana ni mwendo, na tunaonana kila wiki. Nilimkuta katika hoteli ndogo karibu na reli, amekaa meza ya ndani kabisa, chai yake isiyo na sukari imepoa. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alichagua mahali ambapo hapiti mtu wa kanisa letu.

Chuo kilikuwa kimepata Prinsipali mpya. Huyo alikubali kumpokea Nzioki, kwa sharti kwamba aandike barua kwa mkono wake, akiri kosa na kuomba msamaha, nayo ifike kabla ya mwisho wa mwezi. Wodeni alikimbia Kitui na habari hiyo.

"Alinipea chakula," akaniambia. "Alininawisha mikono yeye mwenyewe. Bibi yake akachinja kuku. Nikamwambia, Nzioki, ni barua tu. Akasema, 'Wodeni, mimi na wewe hatuna maneno. Lakini mimi siandiki tena.' Basi. Akaniongezea supu."

Nikamwambia pole. Akatoa mfukoni karatasi mbili safi na kalamu, akazisukuma upande wangu wa meza.

"Wewe uliishi na yeye. Unajua vile yeye huandika."

Nilidhani sikumsikia. Mzee huyu, aliyemrudishia konda senti alizozidishiwa, alikuwa ananiomba nighushi barua ya mtu. Ningeweza kukataa. Lakini kwangu halikuwa jambo gumu, na hilo ndilo linaloniuma. Niliandika ukurasa mzima bila kufuta, kwa mwandiko wa Nzioki wa kulala kushoto, nikakiri, nikajuta, nikaomba. Aliniambia nimsomee. Nilisoma. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

Nilipotaka kutia sahihi akanishika kidole.

"Hapo wacha," akasema. "Jina nitaandika mimi."

Akaliandika herufi kwa herufi, kwa muda mrefu, akainuka akaenda posta.

Chuo kilijibu kwamba nafasi ipo. Nzioki alisomewa majibu hayo na chifu wa kwao, akasema yeye hajaomba kitu kwa mtu yeyote, akarudi kwenye makaa yake. Habari hizo zilinifikia katikati ya wiki, na Jumapili niliwahi kanisani nimwambie mzee kabla hajazisikia kwa wengine.

Hakuwa mbele na wazee. Nilimkuta benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali wanapowekwa watu waliotengwa na meza ya Bwana mpaka baraza litakapowasamehe. Kulikuwa na msichana aliyepata mimba, kulikuwa na mlevi mmoja, na yeye akiwa kati yao na Biblia magotini. Niliinama nikamuuliza kuna nini.

"Nilisema, siku ya ushuhuda," akajibu. "Nilisema niliandika jina la mtu kwa barua ya uongo. Ndugu waliimba. Halafu baraza ikakaa."

"Wamekupa muda gani?"

"Hawajasema."

Nikamwambia kuhusu Nzioki. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekwisha kuambiwa.

"Na mimi, Wodeni? Ulisema niliandika?"

"Wewe nilikuacha," alisema. "Wewe uko na shule."

Wimbo wa kwanza ulikuwa umeanza na watu walikuwa wanageuka kututazama. Palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kwenye benchi lile, kati yake na mlevi. Nilimpa mkono, nikapita katikati ya kanisa mpaka mbele, nikaketi pale ambapo walimu wenzangu walikuwa wameniwekea nafasi.